Niliahidi jiko la baba halitazimwa, sasa hoteli inatuzamisha

Shikamoo Anti,

Mimi ni wa tatu katika watoto wanne, na ndiye ninayesimamia hoteli ya chakula aliyotuachia marehemu baba hapa Kariakoo. Baba aliifungua mwaka 1976, jengo la soko likiwa bado jipya, kwenye vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu ya Kiswahili. Sisi wote tulizaliwa vyumba vya nyuma. Jiko liko uani, na tangu siku hiyo halijahama.

Ungeiona zamani, Anti. Alfajiri waliingia makuli wa sokoni kunywa supu, saa mbili wakafuata wenye maduka, na mchana watu walisimama wakisubiri kiti. Wafanyabiashara kutoka Mbeya, Songea mpaka Lubumbashi waliacha mabegi yao kaunta bila karatasi yoyote, wakashinda madukani kununua mzigo, jioni wakayakuta. Simba na Yanga zikikaribia kucheza, baba alipiga marufuku ubishi mpaka mtu amalize sahani yake. Ijumaa palikuwa na pilau, na aliyepita akiomba chakula hakuwahi kuambiwa arudi baadaye.

Julai 2021 soko likaungua, na wateja wetu wa alfajiri wakatawanyika. Oktoba mwaka huohuo machinga waliokuwa wamepanga bidhaa mbele ya baraza letu wakahamishwa, nao ndio waliokuwa wakila mchana. Tukasema watarudi. Nyumba ya kushoto kwetu na ya kulia zote sasa ni maghorofa ya maduka, usiku hayana mtu isipokuwa mlinzi. Wauzaji wa humo wanaletewa chakula na mama lishe kwenye hotipoti, kwa bei ambayo mimi siiwezi, na wanakula palepale nyuma ya kaunta bila kumwacha mteja. Mkaa umepanda, mchele umepanda. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika, tuliuza chai kwa hasara kwa sababu mama alikataa kata kata kupandisha bei ya kikombe.

Kinachotuingizia chochote ni asubuhi tu. Supu na chapati bado zinaisha kabla ya saa nne. Mchana tunapika na kumwaga.

Tuna wafanyakazi wanne. Mpishi mkuu tunamwita Baba Mdogo ingawa si ndugu wa damu. Alikuja mwaka 1981 akiwa kijana, akatulea sote. Nina malimbikizo yao ya mishahara ya miezi miwili. Wengine wananidai kwa maneno, yeye hajasema kitu. Kila siku saa kumi alfajiri yupo uani anawasha moto, na hilo linaniumiza kuliko angenitukana. Baba hakuwahi kumwandikisha kwenye mfuko wowote wa hifadhi ya jamii, wala hana mkataba wa maandishi.

Sasa kaka yetu mkubwa ameleta dalali, na dalali ameleta tajiri. Tajiri ana mapendekezo mawili: anunue nyumba moja kwa moja, au sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa, tugawane fremu. Kaka anataka tusaini kabla mwezi haujaisha, anasema tajiri hasubiri. Dada yetu aliyeolewa Mwanza anasema atakubali lolote. Mdogo wetu wa mwisho anataka tugeuze pawe pa chipsi, juisi na intaneti ya bure. Mama ana zaidi ya miaka 70 na hataki kusikia neno kufunga. Juzi nimegundua amechukua mkopo, huu wanaouita kausha damu, akalipa watu wa mkaa na mboga kwa siri ili nisipate sababu ya kufunga.

Lakini kinachoninyima usingizi ni hiki. Baba alifariki mwaka 2018. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Jiko lisizimwe." Nikaitikia. Mirathi mpaka leo hatujafungua, nyumba ina jina lake.

Mama husimulia kwamba mwaka 1983, sukari na unga wa ngano vilipokuwa vya kutafutwa kwa tochi, baba alifunga hoteli miezi kadhaa, akampeleka Baba Mdogo shambani kwetu Mkuranga, akawa anamlipa kwa mihogo na senti kidogo mpaka walipofungua tena. Nikimkumbusha hilo ananiambia, "Ile ilikuwa njaa ya nchi nzima, hii ni uvivu wenu."

Nikigusia kufunga, wateja wa zamani wanakuja. Wananiambia hii ndiyo Kariakoo yenyewe, msifunge. Wengine wanatokwa machozi, wanapiga picha kaunta ya baba.

Anti, nifunge? Nikifunga nimevunja ahadi ya marehemu? Na nianzie wapi nisidhulumu mtu na nisiigawe familia?

Binti wa Kariakoo

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huu.

Nalijibu kwanza lile ulilolibeba muda mrefu: ifungeni. Ifungeni mapema, wakati bado mna njia ya kumlipa kila mtu haki yake, na mfunge kwa kutangaza, kila mtu akijua tarehe. Hoteli nyingi za aina yenu zimekufa vibaya mjini hapa kwa kukokotwa mpaka siku ambayo mwenye mkaa, mpishi na mwenye mkopo walifika mlangoni pamoja, pakakosekana cha kumlipa hata mmoja.

Hasara yenu ni kubwa kuliko uliyoniandikia. Hoteli hailipi pango. Vile vyumba viwili vya mbele angepanga mtu baki, angelipa kila mwezi, na kwa Kariakoo huenda angetoa na kilemba kabla ya kukabidhiwa funguo. Tena hukuandika popote kwamba wewe unajilipa mshahara. Biashara isiyolipa pango, isiyomlipa msimamizi wake, na bado inawakopa wafanyakazi miezi miwili, imekwisha kitambo. Kinachoiweka wazi ni nyumba ya baba yako, nguvu zako, na sasa mkopo wa mama yako. Leo jioni chukua daftari, weka mstari wa pango na mstari wa mshahara wako, halafu ujumlishe upya. Uende na karatasi hiyo kwenye kikao nitakachokutajia, kwa sababu mama yako anapinga maneno yako na hajawahi kuonyeshwa hesabu.

Kuhusu uvivu, hapo nasimama upande wako. Hoteli kama yenu ilizaliwa na namna watu walivyoishi Kariakoo. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma, na karibu kila chumba mpangaji wake. Wengi walikuwa makapera waliotoka mikoani, hawana sufuria wala mke mjini, wanakunywa chai hotelini asubuhi, wanakula hapo usiku, wanalipa mwisho wa mwezi jina likiwa kwenye daftari. Mteja wa namna hiyo alikula kwenu mara mbili au tatu kwa siku, mvua au jua. Nyumba ile ikishakuwa ghorofa la maduka, wapangaji wake wanahamia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika na Kimara. Wanaingia mjini asubuhi kwa daladala au mwendokasi wakiwa wameshakunywa chai kwao, na jioni wanaondoka kabla hamjainjika sufuria la usiku. Wamebaki na mlo mmoja wa mjini, wa mchana, na muuzaji wa duka hawezi kuuacha mzigo wa tajiri wake aje kukaa kwenye benchi lenu.

Mama lishe ameufuata mlo huo mpaka ulipo. Halipi pango wala mshahara wa wahudumu wanne, na sahani anaikusanya mwenyewe. Hakuwaibia mteja, na wewe usingemshinda hata ungeamka saa nane usiku. Moto wa sokoni na kuhamishwa kwa machinga viliharakisha jambo lililokuwa linakuja tangu nyumba ya kwanza ya mtaani kwenu ilipobomolewa. Mwambie mama hivyo. Ile ya 1983 ilikuwa shida ya bidhaa, wateja walikuwepo wakisubiri sukari irudi. Leo sukari ipo, walioondoka ni wateja, na hakuna meli itakayowaleta.

Wale wanaolia kwenye kaunta nawaamini. Machozi yao ni ya kweli, maana wanapoteza mahali walipojulikana kwa majina. Lakini waulize kwa upole mara ya mwisho walikula hapo lini. Usiujenge uamuzi wako juu ya mapenzi yao, kwa kuwa mapenzi hayo hayanunui gunia la mkaa.

Sasa ahadi. Umeniambia maneno mawili tu ya baba yako, jiko lisizimwe, na hukuniambia kama alifafanua. Mtu akishaondoka na neno fupi namna hiyo, anayetaka kumtii hutazama alivyoishi. Baba yako mwenyewe alizima jiko mwaka 1983. Alilizima kwa sababu kulikuwa hakuna cha kupika kwa halali, maana ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mwenye hoteli asiyetaka kununua kwa magendo hakuwa na njia nyingi. Alifunga hoteli, hakumtupa mpishi. Akamtafutia mihogo, akamtafutia senti, akamrudisha kazini hali ilipotengemaa. Ukiniuliza ni kipi alichokishika baba yako na ni kipi alichokiachia, jibu liko kwenye hadithi ya mama yako. Jiko aliliachia, mtu akamshika. Wewe leo unafanya kinyume chake, moto unawaka na mpishi hajalipwa. Siandiki hivi kukuumiza. Naandika kwa sababu unaogopa kuvunja ahadi kwa kufunga, na mimi naona unakaribia kuivunja kwa kuendelea.

Kwa hiyo tuanze na Baba Mdogo na wenzake, kabla ya tajiri, kabla ya nyumba.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumwondolei mtu haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtambua. Mkifunga kwa sababu biashara imeshindwa, mnatakiwa muwaambie wafanyakazi mapema, muwaeleze sababu na muwasikilize kabla ya kuamua nani anaondoka lini. Anayelipwa kwa mwezi apewe taarifa isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Alipwe malimbikizo yote, na likizo ambazo hakuzichukua. Likizo ya mwaka ni siku 28, na sidhani kama Baba Mdogo anajua hata ladha yake. Juu ya hapo kuna malipo ya kumaliza ajira, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi mfululizo, na hesabu hiyo inakoma kwenye miaka 10. Apewe pia cheti cha utumishi.

Hiyo miaka 10 niizungumzie kidogo, maana hapo ndipo ninapowaogopea. Mtu aliyeanza kazi kwenu mwaka 1981, kwa mizani ya sheria, atastahili siku 70 tu za mshahara. Kaka yako akienda kwa wakili ataambiwa hivyo, naye atarudi amefurahi. Mwanangu, hicho ni kiwango cha chini ambacho hata mwajiri mgeni asiyemjua mtu anapaswa kukifikia. Huyu aliwapikia uji mkiwa wagonjwa. Kaeni ndugu wanne mtaje kiasi kinachofanana na miaka yake yote, mkiandike, na kiwe deni la familia litakalolipwa kabla ya yeyote kati yenu kugusa fedha ya nyumba. Mkishindwa kukitoa chote sasa, kitoeni kwa awamu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

Na habari ya hifadhi ya jamii, usiisubiri ikufuate. Nenda NSSF mwenyewe ukaeleze. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hapo. Kwa miaka yote hiyo hakuna kilichopelekwa. Pengine mtakutana na adhabu ya kuchelewa. Ni bora uijue hesabu hiyo mkiwa na nyumba mkononi, kuliko uijue mkiwa mmeshagawana.

Halafu muulizeni anataka nini. Nimeona watu wema wakimpangia mzee maisha bila kumuuliza. Umesema supu na chapati za asubuhi bado zinaisha. Hiyo ni biashara nyingine kabisa, ndogo, ya masaa manne, inayosimama kwenye mikono ya mtu mmoja. Akitaka, mpeni chumba kimoja cha mbele na lile jiko la uani aendeshe supu kwa jina lake na leseni yake, faida iwe yake, kwa muda ambao suala la nyumba bado halijaamuliwa. Akisema amechoka, anataka kwenda kupumzika, mbarikini. Ila msichanganye mambo: kumwachia masufuria si kumlipa. Haki yake kwanza, masufuria baadaye.

Mdogo wako asibezwe, ana hamu ya kazi. Lakini chipsi na juisi ni chakula cha jioni cha vijana wanaoishi karibu, na umeniambia mwenyewe usiku mtaa wenu umebaki na walinzi. Huenda anategemea huu mpango wa biashara ya saa 24 uliozinduliwa Kariakoo mwaka 2025. Sawa, ajaribu kwa mtaji wake, alipe pango kwa familia kama mpangaji mwingine yeyote. Akifanikiwa tutampongeza. Fedha ya mishahara ya wazee isiingie kwenye mafuta ya chipsi.

Nyumba ni jambo la tatu, na tatizo lenu kubwa ni kwamba mnalizungumza pamoja na hoteli kana kwamba ni kitu kimoja. Hoteli mnaweza kuifunga mwezi ujao. Nyumba haiwezi kuuzwa mwezi ujao na mtu yeyote, hata kaka yako apige meza namna gani. Iko kwa jina la marehemu. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna kati yenu mwenye uwezo wa kisheria wa kusaini mauzo wala mkataba wa ujenzi. Tajiri anayewaharakisha kusaini kabla ya hapo, ama hajui, ama anajua vizuri sana. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, mpendekeze jina, mpeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Kama ninyi ni familia ya Kiislamu, kama ninavyodhani, mahakama hiyo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi yenu. Madeni ya marehemu yalipwe kwanza, ndipo ugawanyaji. Kwa sheria ya Kiislamu mama yenu ana thumuni yake, yaani moja ya nane, kama mke mwenye watoto, kinachobaki ni chenu, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Nashauri msimamizi asiwe kaka yako peke yake. Simtuhumu, simjui, ila mtu mwenye haraka hafai kushika kalamu ya wenzake.

Wakati mirathi inaendelea, itoeni ile hati ya kiwanja kabatini muisome. Hati miliki Tanzania ni ya muda, miaka 33, 66 au 99, na familia nyingi za zamani hazijui yao imebaki miaka mingapi. Angalieni na kodi ya ardhi kama inadaiwa. Kisha ndipo mlinganishe mapendekezo mawili ya tajiri. Mimi kuuza moja kwa moja sikupendi, kwa sababu fedha ya Kariakoo ikigawanywa kwa warithi watano huishia kwenye magari na harusi, na kiwanja hakirudi. Kujengewa mkagawana fremu kunaweza kuwa bora, lakini mikataba hiyo ina meno. Nani anamiliki hati wakati wa ujenzi? Akikwama katikati inakuwaje? Mnagawana kwa ghorofa au kwa mapato, kwa miaka mingapi, na fremu za chini zinazolipa zaidi ni za nani? Mama atakaa wapi jengo likipanda, na nani analipa pango lake? Mtafute wakili wenu ninyi. Aliyeletwa na dalali ni wa tajiri.

Na mhandisi awe amesajiliwa, kibali kionekane kwa macho. Mnakumbuka jengo la ghorofa lililoporomoka hapohapo Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu wakafa wakiwa madukani. Baada ya pale Waziri Mkuu aliunda tume ya kukagua majengo ya eneo lote. Jengo litakalosimama kwenye kiwanja cha baba yenu litakuwa na watu ndani yake, na jina linalotajwa mtaani litakuwa la familia yenu.

Mkopo wa mama ushughulikie wiki hii, huo hausubiri kikao. Mkae wawili, bila kaka, bila sauti ya juu. Mwombe akuonyeshe karatasi alizosaini. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni. Muulize mkopeshaji yake, na kama hana, neno hilo peke yake hupunguza sauti yake. Ulipwe mapema kuliko deni lingine lolote, kwa sababu riba yake inakua mkiwa mmelala. Uzeni friji la soda ikibidi. Na usimkaripie mama. Alikopa kwa sababu hapo ndipo alipozeeka, hapo ndipo mumewe alipomwachia, na hakuna aliyemwambia maisha yake yatakuwa wapi hoteli ikifungwa. Mpe jibu la swali hilo uone kama bado atapinga kufunga.

Mambo ya ofisini nayataja haraka. Iandikieni TRA kwamba biashara imefungwa na tarehe yake, na mpeleke taarifa hiyohiyo walipowapa leseni, msije mkakadiriwa kodi ya hoteli isiyokuwepo. Lile daftari la madeni ya wateja, wapigieni simu wenye uwezo waliosahau. Wajane na wagonjwa, futeni. Bandikeni tangazo mlangoni mwezi mmoja kabla, liandikwe na sababu, ili pasizuke maneno kwamba mmefilisiwa au mmegombana. Ijumaa ya mwisho pikeni pilau kama alivyopika baba, mwenye kulipa alipe, asiye nacho ale. Wanaotaka kupiga picha wapige, na wewe chukua jina na simu ya kila mzee anayekumbuka miaka ile, umrekodi akizungumza. Historia ya Kariakoo iliyoandikwa ina maofisa wa Kijerumani na kambi ya wapagazi wa Waingereza, ina soko alilolichora Beda Amuli na ofisi ya TANU ya mwaka 1954. Watu waliouzia chai mji huu miaka 50 hawamo. Kaunta ihifadhiwe na mmoja wenu, isiende kwa mnunuzi wa mbao.

Kikao kifanyike nyumbani, chumbani kwa mama, siku ambayo dada wa Mwanza anaweza kuwepo kwa simu tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu "nitakubali lolote" ya leo huwa ndiyo kesi ya kesho. Sehemu ya kwanza Baba Mdogo awepo, asikie mkitaja deni lake kwa kinywa chenu na kiasi kiandikwe mbele yake. Sehemu ya pili, ya mirathi, mbaki ninyi na mama. Uanze wewe, kwa karatasi ya hesabu, usianze na machozi. Kaka yako akija na mkataba wa tajiri, usomwe wote kwa sauti, kisha urudishwe kwenye bahasha bila sahihi ya mtu yeyote.